Koili ya Mjane

Katika kanisa letu huko Kilungu, mwanamke anayeandaa Meza ya Bwana huvaa nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Nilipewa kazi hiyo baada ya mume wangu kufa. Nadhani walinihurumia wakatafuta kitu cha kunishughulisha. Huruma yao ikapita, kama zipitavyo huruma zote, lakini kazi ikabaki yangu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilifika mapema, nikatandika kitambaa, nikakata mkate vipande vidogo na kujaza juisi ya zabibu katika vile vikombe vinavyotosha kidole gumba. Nina watoto wazima wenye maisha yao, nina michungwa kwenye matuta, nina kuku. Kitu ambacho ningeumia kunyang'anywa kilikuwa meza hiyo tu.

Halafu mwili ukaanza ukorofi. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na sita, na nilitarajia hedhi iage iende zake. Ikawa kama yule mgeni anayeaga, akafika mlangoni, akakumbuka stori nyingine na kurudi kuketi. Mwezi mmoja haikuja, uliofuata ikaja mara mbili, na ilipokuja ilimwagika na mabonge. Juu ya hayo kulikuwa na joto lililopanda ghafla kifuani hadi usoni, jasho likanitoka watu wengine wakiwa wamejifunga sweta. Chini ya ile nguo nyeupe nilivaa pedi mbili na suruali fupi nyeusi ya kubana. Nilisimama kando ya meza nimekaza mapaja mchungaji akiomba, na mchungaji wetu hajui kuomba kwa kifupi.

Nilivumilia, maana tulifundishwa kuvumilia, na nilivumilia hadi siku niliyopanda kutoka barabarani na ndoo ya maharagwe ikabidi niketi chini katikati ya njia, moyo unadunda, viganja vyeupe. Nikampigia simu dada yangu mkubwa. Sisi tulizaliwa upande wa Kitui, na yeye ameolewa huko huko, mji wa Kabati.

"Na kwa nini hukusema?" akauliza. "Mficha uchi hazai."

"Mimi nilishazaa."

"Basi utakufa ukiwa umezaa. Kuja huku kesho."

Nilikwenda kwake kwa furaha kiasi, kwa sababu Kilungu ukikohoa zahanati, jioni unaulizwa kikohozi kinaendeleaje. Dada alinipeleka hospitali mjini Kitui. Daktari alikuwa msichana wa umri wa kifungua mimba wangu, mwenye kuuliza maswali bila kupepesa jicho. Walinipima damu, wakanipiga picha ya tumbo, wakachukua kipande kidogo cha nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi wakakichunguze. Niliporudi kwa majibu aliniambia hakuna kitu kibaya. Ni homoni tu zinazoyumba, hali ambayo wanawake wengi huipitia kabla hedhi haijakoma kabisa. Lakini damu yangu ilikuwa imepungua mno. Aliniandikia vidonge vya kuongeza damu, kisha akanieleza njia za kuuziba huo mfereji: kulikuwa na dawa za kumeza, kulikuwa na upasuaji wa kutoa mfuko wa uzazi mambo yakishindikana, na kulikuwa na koili yenye homoni. Yeye alipendekeza nianze na koili.

"Daktari, si hiyo ni ya kupanga uzazi?" nikamwambia. "Mimi ni mjane."

"Mama, koili haijui kama uko na bwana ama hauna. Ikikaa ndani inaachilia dawa kidogo kidogo, ile ngozi ya mfuko inakuwa nyembamba, damu inapungua. Wengine inaisha kabisa."

"Na hili joto?"

"Hiyo haiguzi. Hiyo tutaongea kivyake."

Nilipenda jibu hilo. Mtu anayekuambia dawa yake haiwezi kitu gani, unaweza kumwamini juu ya kile inachoweza.

Shida ni kwamba chumba cha koili kilikuwa na kibao mlangoni: UZAZI WA MPANGO. Nje yake palikuwa na benchi la wasichana wenye watoto wachanga, na waliniachia nafasi kwa adabu wakidhani nimemleta binti. Muuguzi akanipa kikopo nikatoe mkojo wapime mimba. Nikamwambia kama kuna mimba humo, watanihubiri kutoka Kilungu mpaka Mwingi. Hakucheka. Alisema ni utaratibu, kila mtu hupimwa, hata bibi yake, susu mwenyewe, angepimwa.

Nitaeleza kilichotokea ndani, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza kwa maneno ya kueleweka. Nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu kabla. Unavua chini, unalala chali, unapanua magoti, unafunikwa shuka. Kinaingizwa chombo cha kupanua njia, baridi yake inakushtua kuliko maumivu. Mlango wa mfuko unasafishwa, unashikwa, na hapo unahisi kufinywa. Kisha wanaingiza kijiti chembamba kupima urefu wa mfuko, na hapo ndipo tumbo linapojikunja kama uchungu wa kuzaa unapoanza. Nilishika ukingo wa kitanda. Muuguzi alikuwa akiniambia nipumue, nami nilikuwa nikipumua, sijui alidhani nafanya nini. Koili yenyewe, kidude cha plastiki chenye umbo la herufi T, iliingia kwa mfinyo mwingine mmoja. Wakakata nyuzi zake, wakaniambia tayari. Ilichukua muda mfupi kuliko tangazo la kanisani. Wapo wanaosema hawakuhisi kitu na wapo waliolia. Mimi nilikuwa katikati.

Kichwa kilizunguka nilipoinuka, wakanirudisha nilale kidogo, nikapewa chai. Muuguzi akanipa masharti. Tumbo litauma siku kadhaa. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza damu itakuja matone matone bila mpango, nisishtuke. Nirudi baada ya wiki kama sita waangalie nyuzi. Nikiona homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali au damu nyingi kupita kiasi, nisingoje siku hiyo.

Nilitoka nimeshika tumbo. Na pale kwenye benchi, akiwa amempakata mjukuu wake mchanga, alikuwa ameketi mke wa mzee mmoja wa kanisa letu. Binti yake ameolewa Kitui. Nchi hii ni kubwa lakini haina mahali pa kujificha.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

Alinitazama mimi, akatazama kibao, akatazama mkono wangu tumboni. "Kumbe ni huku?"

"Ni huku," nikajibu. Singeanza kumweleza mfuko wangu wa uzazi mbele ya benchi zima. Dada alinivuta mkono tukaondoka.

Niliporudi nyumbani mwili ulikwenda kama walivyosema. Tumbo liliuma kisha likaacha. Yalibaki matone ya rangi ya kahawia, leo yapo, kesho hayapo. Nilitumia pedi nyembamba kama ya msichana wa shule. Vidonge vikafanya kazi yao, nikaanza kupanda kilima bila kuketi njiani. Nilifurahi, na ningefurahi zaidi kama nisingeona wanawake wakinyamaza nilipofika mazoezi ya kwaya.

Jumamosi moja kabla ya Jumapili ya kwanza, katibu wa akina mama alikuja kuchukua ufunguo wa kabati la vyombo vya meza. "Pumzika kidogo, mama," akasema, macho yake yakiwa kwa kuku zangu. Kesho yake niliketi kwenye benchi kama mgeni, mwingine akaandaa. Alikata mkate vipande vikubwa. Niliumia hadi sikusikia mahubiri.

Mwezi uliofuata, nikiwa nimetoka kukaguliwa nyuzi na kuambiwa kila kitu kiko mahali pake, niliitwa na baraza. Ilikuwa tena Jumamosi ya kuamkia Meza. Walikuwa mchungaji na wazee watatu, mmoja wao mume wa yule mama wa benchi. Kwetu kuna utaratibu wa mtu aliyeanguka. Anasimama mbele ya kanisa, anatubu, anaketi nyuma miezi mitatu bila kushiriki Meza, kisha anarudishwa kwa wimbo. Ni utaratibu mwepesi. Nimeona wanaume wakiupitia na kurudi wamenenepa.

"Dada," akaanza mchungaji kwa upole, "sisi wote ni binadamu. Mjane ako na majaribu yake. Ukitubu kesho, hii maneno itaisha haraka."

"Nitubu nini?"

"Mambo ya family planning. Mtu hapangi uzazi na hewa."

Nilihisi hata wimbo walikuwa wameshauchagua. Kosa lao nililielewa. Hawajawahi kusikia kitu kingine kinachofanyika nyuma ya mlango wenye kibao kile. Basi nikawaeleza. Niliwaeleza kwa Kikamba, maana kwa Kiswahili mambo ya mwili huvaa adabu ambayo siku hiyo sikuihitaji. Nilitaja mabonge. Nilitaja suruali nyeusi, mfuko wa uzazi, kijiti cha kupimia. Mchungaji alifungua Biblia bila kutafuta mstari wowote. Mzee mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Nilipomaliza, yule mume wa mama wa benchi aliuliza, "Na hiyo damu sasa imekwisha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningechukua ufunguo wangu nikaenda. "Bado," nikasema. "Ni matone. Inaweza kuchukua miezi."

Wakatazamana. Niliona wakipata nafuu.

"Basi hauna makosa," akasema mzee huyo. "Hiyo tumetoa. Lakini meza ni kitu takatifu. Subiri ikauke kabisa, ndio urudi."

Hapo ndipo nilipokasirika. Waliponidhania nina mwanamume sikukasirika sana, kwa umri wangu hilo lilikuwa karibu na sifa. Lakini hili lilinipanda hadi masikioni, na halikuwa lile joto langu la kawaida.

"Wazee," nikasema, "hiyo meza nimeiandaa tangu nilipofiwa. Katika miaka hiyo yote, hedhi haikuwahi kuniuliza kama ni Jumapili ya kwanza. Nimekata mkate nikitoka damu. Nimejaza vikombe nikitoka damu. Mimi ndiye nilijua, na Mungu. Nyinyi mlikula, mkashukuru, mkaenda nyumbani. Ni nani kati yenu aliugua?"

Nikaunyoshea mkono ufunguo wa kabati, uliokuwa mezani mbele ya mchungaji.

Mzee mkubwa kuliko wote, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tuketi, alichukua kofia yake mezani. Huyo ni mtu wa ng'ombe na si wa maneno.

"Si tumeshakula?" akawauliza wenzake. "Sasa mnataka tutapike?"

Akasimama, akasema ana mifugo ya kunywesha, akatoka. Mchungaji alifunga Biblia na kunisogezea ufunguo bila kunitazama. Hakuomba msamaha, wala sikungoja. Nilikwenda kupiga pasi kitambaa cha meza.

Kesho yake nilivaa nyeupe, na ndani pedi nyembamba, kwa kuwa asubuhi hiyo matone yalikuwepo. Nilikata mkate vipande vidogo. Trei zikapita upande wa wanawake, zikapita upande wa wanaume, zikafika benchi la wazee. Yule aliyeuliza kama damu imekwisha alichukua kikombe chake, akakishika mkononi, akaniangalia. Nami nilimwangalia. Kanisa zima lilikuwa limeshakunywa, likimngoja.

Akanywa.