Gari la Mkwe Lililolala Zizini

Mkwe wangu alipokuja na gari kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeamuru likalale zizini. Naliandika hili mapema ili asije akalaumiwa mtu mwingine.

Mkwe huyu ndiye aliyemwoa binti yangu wa mwisho. Wanaishi Geita, pale Kalangalala, na yeye ni fundi wa makarasha, zile mashine za kupondea mawe ya dhahabu. Binti alikuja kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza, na akajifungulia hospitalini, mjini Shinyanga, kwa upasuaji. Daktari akasema Jumatatu asubuhi atamruhusu. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Mwakitolyo, barabara ina mashimo, na mtu mwenye mshono hapandishwi pikipiki. Basi mkwe akaja Jumamosi alasiri na gari lake dogo, la zamani, vioo vyeusi tii, ili Jumatatu twende kuwachukua mama na mtoto.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja wala hawaitani kwa jina. Nikimwona anakuja njia hii, mimi napita ile. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Nikiwa na neno naye, natuma. Siku hiyo wa kumtuma alikuwa mume wangu.

"Mwambie gari haliwezi kulala nje," nikasema. "Wanaopita hapa kwenda machimboni watalichomoa taa."

"Amekusikia. Umesimama hatua kumi tu."

"Mwambie."

Mzee akageuka akamwambia neno kwa neno, na mkwe, ameinamisha uso, akajibu, "Mwambie mama nimesikia." Tukawahamishia ndama kwa mama zao, gari likaingia katika zizi la ndama, ambalo ng'ombe wengine hulipitia wakitoka, ndani ya ua wa minyaa. Niliona nimempa mkwe heshima kubwa. Mali ya thamani kwetu hulala zizini, na mimi tangu nizaliwe sijajua mahali pengine pa kuiweka.

Asubuhi mzee alifungua ng'ombe. Dume letu, lile jeusi lenye kichwa kibaya, likapita kando ya gari, na ndani ya kile kioo cheusi likaona dume jingine linalitazama. Likarudi nyuma. Nikapiga kelele, lakini kichwa kilikuwa kimeshaondoka. Pigo moja tu, na kioo cha mlango wa nyuma, upande wa dereva, kikamwagika chote ndani. Dume likashtuka likatimua mbio kuelekea mbugani, mzee nyuma yake na fimbo.

Hapo hapo mvua ikaanza. Zilikuwa mvua za mwishomwisho, zile zisizopiga hodi.

Sasa nisomeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu. Mkwe alikuwa bado amelala fofofo katika nyumba yetu ya wageni, hatua ishirini kutoka nilipo. Ningemwita angetoka, angelisogeza gari chini ya paa la ghala. Lakini nimwiteje? Mama mkwe aende mlangoni kwa mkwe wake aliyelala, agonge? Sikuweza. Nikachukua ungo nikauziba nao ule uwazi, nikasimama hapo mvua inaninyeshea, namsubiri mume wangu arudi na dume ndipo nimtume akamwite mtu aliye hatua ishirini. Ungo una matundu. Maji yalipita kana kwamba nayachekecha.

Mzee aliporudi, kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa, na sakafuni maji yamesimama.

Mkwe alitoka, akatazama. Afadhali angefoka. Alipitisha tu kidole juu ya kiti, akakiinua, na kwenye ncha palikuwa na chembe ndogo ya kioo. Akamwambia mzee kwa sauti ya chini, "Baba, mtoto atalazwa hapa kesho."

Neno hilo lilinichoma. Ana siku sita duniani, ngozi yake laini kuliko ngozi ya juu ya maziwa, na bibi yake ndiye aliyemtandikia vioo.

Mkwe alitaka kuziba dirisha kwa nailoni na gundi, kisha afunge milango, gari lipigwe na jua lijikaushe. Huo ni ujuzi wa mjini.

"Mwambie hapana," nikamwambia mzee. "Ukifunika kitu kibichi kinaoza. Nimeanika michembe ya viazi tangu yeye hajazaliwa."

"Mwambie mama," akajibu mkwe, "kwamba gari si kiazi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hilo nalo nimwambie? Haya, mama, gari si kiazi."

"Mwambie basi leo litakuwa kiazi."

Na likawa. Mvua ilikatika, jua likatoka kali. Mkwe akafungua nati za kiti cha nyuma, yeye na mzee wakakibeba mpaka kwenye mwamba ninapoanikia michembe. Mazulia yakafuata. Milango yote ikaachwa wazi upepo upite. Nikaleta pumba za mpunga magunia mawili, nikamimina moja sakafuni mwa gari na jingine juu ya kiti, maana pumba kavu hunywa maji kuliko kitambaa chochote. Zikilowa nazizoa, natia nyingine. Kiti nilikifunika kwa gunia tupu, nikakikandamiza kwa magoti, namna ninavyokamua machicha ya pombe, na maji yakatiririka mwambani mpaka yakaifikia michembe yangu. Nikaiacha ilowe.

Vioo ndivyo vilivyokuwa kazi. Vile vikubwa, kama chumvi ya mawe, tuliviokota kwa mkono. Vile vidogo vilijificha kwenye mishono ya kitambaa. Nikasonga ugali, mgumu wa kumzimisha mtu ukimpiga nao, nikakata bonge nikawa nalibandika na kulibandua, nalibandika na kulibandua, na kila nikilitazama linang'aa. Mabonge hayo niliyafukia mbali, kuku wasije wakayadonoa.

Mkwe naye alitaka bonge lake. Mimi ndani ya gari mlango wa kushoto, yeye mlango wa kulia, tumepeana migongo, na mzee amesimama nyuma ya gari, kati yetu, kama karani wa mahakama.

"Mwambie aangalie chini ya kiti cha dereva."

"Angalia chini ya kiti cha dereva."

"Mwambie mama nimeshaangalia."

"Ameshaangalia."

"Mwambie aangalie tena."

"Jamani," mzee akasema, "mimi miguu inauma."

Mara nikasikia mkwe amevuta pumzi kwa meno. Nikageuka bila kufikiri. Kidole gumba kimechanika, damu inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na yeye anaukinga ule mkono kwa mwingine, damu isidondoke kwenye gari. Mwenyewe hakujijali hata kidogo. Nikaushika mkono wake. Nikaukamua, nikatoa kipande, nikachana pindo la kanga yangu nikafunga. Yote hayo nikimsema: "Mkono wote umeupeleka wa nini? Si una ugali? Unataka mtoto apokelewe na baba kilema?"

"Samahani, mama," akasema. Aliniambia mimi.

Ndipo nilipoona nimeshika mkono wa nani. Nikauachia kama chungu cha moto.

Mzee akajikalisha juu ya gunia. "Kumbe midomo mnayo," akasema. "Haya, semeni wenyewe. Mimi nimestaafu."

Tulimaliza tukisema wenyewe, maneno machache, kila mtu akitazama upande wake. Jioni nikakibonyeza kiti. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu, wa kulia bado ukitoa unyevu. Nikapitisha mkono wangu juu ya ule wa kushoto, kwa ndani ya kiwiko ambako ngozi ni nyembamba, taratibu, shibiri kwa shibiri. Kisha nikapiga magoti, nikalaza shavu langu pale pale atakapolala mtoto, nikalisugua huku na huku. Mkwe alikuwa amesimama hapo ananitazama.

"Kuna kitu, mama?"

"Hakuna."

Jumatatu mzee alibaki nyumbani, maana viti vikavu vilikuwa vitatu tu: cha dereva, cha mbele, na upande mmoja wa nyuma, wa binti na mtoto. Kwa hiyo mimi nikakaa mbele, bega kwa bega na mkwe wangu, nimejitanda kanga mpaka machoni, nailoni aliyoziba nayo dirisha ikipiga kelele nyuma yetu njia nzima.

Pale hospitalini binti alitoka na mtoto, akafungua mlango, akaniona nilipokaa. Akamtazama mumewe na kile kitambaa cha kanga yangu kidoleni. Akacheka akishika mshono wake. "Mayo, mama yangu, umekaa mbele?"

"Panda," nikamwambia. "Kaa kushoto. Na usiulize habari za dume."

Tulipofika nyumbani nilimchukua mtoto nikaingia naye ndani, nikamvua nguo zote, nikamweka karibu na dirisha. Nikamtazama viganja, makwapa, mikunjo ya mapaja, nyuma ya masikio. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Kisogoni alikuwa na pumba moja ya mpunga, imenasa kwenye vinywele. Nikaitoa.

Nje nilisikia viatu vya mkwe vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi. Nikaenda mlangoni mwenyewe.

"Mzima," nikamwambia. "Ingia umwone."