Kumbeba Mama Mkwe kwenye Barabara ya Mombasa

Msemo ninaouchukia kuliko yote ni ule usemao ajali haina kinga. Nimeusikia makaburini, ukisemwa na watu waliomjua marehemu vizuri, waliojua kwamba pikipiki yake haikuwa na breki ya nyuma tangu Krismasi na kwamba taa yake ya mbele ilikuwa tochi iliyofungwa kwa mpira. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa inauzwa dukani, pale mjini Wote, na kufungiwa bure.

Pikipiki yangu niliinunua mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa afisa wa mifugo upande wa chini wa Makueni, na kazi yangu ilikuwa kuchanja kuku na ng'ombe wa watu walioishi mbali na wenzao kwa makusudi. Kabla ya kuipanda nilikwenda kufundishwa na askari mstaafu ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Kisa cha mguu huo ndicho kilichokuwa somo la kwanza. Alinifundisha kutazama pale ninapotaka kwenda, si pale ninapoogopa kugonga, kwa sababu pikipiki hufuata macho. Alinifundisha kwamba lori kubwa mkipishana lina upepo mara mbili, wa kwanza wa kukusukuma nje na wa pili wa kukuvuta ndani, na kwamba wengi huuawa na wa pili wakiwa bado wanashukuru kupona wa kwanza. Kuhusu abiria alisema jambo moja tu. Abiria amshike mwendeshaji kiunoni na ainame anakoinama, au ashuke.

Niliyashika yote. Watu wa soko la Emali walisema naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mara nyingi nilikuwa nimebeba mayai, maana ndiyo shukrani ya watu wenye kuku.

Sheria ile ya abiria haikunisumbua hata siku moja, mpaka siku niliyolazimika kumbeba mama mkwe.

Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria zake. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, hampeani kitu mkono kwa mkono, na mkiwa na neno la kuambiana mnamtafuta mtu wa tatu. Kugusana hakukatazwi hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kunaweza kutokea. Mchungaji wetu alihubiri kwamba mambo hayo yote yaliisha msalabani, na alihubiri vizuri, lakini mama mkwe wake alipoingia kanisani kwa mlango wa mbele, yeye aliinama kutafuta kitu chini ya mimbari hadi mama wa watu alipokwisha kukaa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika mapema, nikampeleka hospitali iliyo kando ya barabara ya Mombasa, na alfajiri daktari akatuambia kwamba mtoto amelala kukingama tumboni na hawezi kutoka kwa njia yake. Ilikuwa lazima mama apasuliwe, na jambo hilo lisipite jioni. Mke wangu akakataa.

Hakukataa kwa ujinga. Dada yake mkubwa alipasuliwa hivyo hivyo, katika hospitali nyingine, na hakuamka. Mama yao alifika akakuta kitanda kimetandikwa.

"Dada alienda bila kumwona mama," mke wangu aliniambia. "Mimi siendi hivyo. Mlete aniombee, halafu wanipasue vile wanataka."

Daktari alimweleza tena, polepole, mke wangu akageukia ukuta.

Basi la kutoka Mbooni, kwa wakwe zangu, lilikuwa likiteremka asubuhi kwenda Machakos, upande usiotufaa. Kwa hiyo nikachukua helmeti yangu na ile ya mke wangu, nikapanda pikipiki. Niliogopa sana. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani mtu mwangalifu haogopi, kumbe mtu mwangalifu ni mwoga aliyejipanga. Kutoka Emali lami iliisha na vumbi jekundu likaanza, na nilipomaliza kupanda milima ya Mbooni hadi nyumbani kwa wakwe zangu, karibu na Kikima, koti langu la kaki lilikuwa limebadilika rangi mbele na nyuma.

Baba mkwe alinisikiliza nikiwa nimesimama uani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na siku hiyo ilimbidi aseme ya watu watatu.

"Mwambie huyo mwenye pikipiki angoje nibadilishe nguo," mama mkwe alisema kutoka nyuma ya mlango wa jikoni.

"Anabadilisha nguo," mzee akaniambia.

"Nimesikia, Baba. Mwambie avae nguo ya zamani, huko chini ni vumbi tupu."

"Anasema uvae ya zamani."

"Mimi naenda kumwombea mtoto wangu. Mungu nitamwendea na matambara?"

Mzee aliniangalia. Hilo hakuona haja ya kulifikisha.

Akatoka akiwa amevaa gauni jeupe la akina mama wa kanisa, na kitambaa cheupe kichwani, uso ameuelekeza kwenye miti ya maparachichi. Mimi nikautazama mlima. Helmeti niliiweka juu ya jiwe nikarudi nyuma, naye akaja akaitazama kwa mashaka.

"Muulize kama hii imewahi kuvaliwa na yeye."

"Ni ya binti yako," mzee akasema bila kuniuliza.

Akaiinua karibu na uso wake, akanusa ndani. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mke wangu. Akaivaa juu ya kitambaa.

Kukaa ndiko kulikoleta kesi. Yeye alitaka kukaa upande, miguu yote kushoto, kama wanawake wenye heshima walivyobebwa kwenye baiskeli. Nikamwambia mzee kwamba kwenye barabara kuu mtu aliyekaa upande hupeperushwa na lori la kwanza. Mama mkwe akamwambia mzee kwamba yeye hajawahi kupanua miguu mbele ya mkwe, na hataanza uzeeni. Mzee akafunga macho kwa muda. Nadhani alikuwa akiomba. Kisha akasema mke wake atakaa kama mwanamume, atajifunika leso kutoka kiunoni hadi kwenye viatu, na sisi wengine tutatazama mlima hadi atakapomaliza. Tukautazama mlima. Ulikuwa na ukungu, hapakuwa na cha kuona.

Likabaki suala la kunishika, ambalo hakuna aliyelitaja. Mama mkwe aliweka kiondo chake, kikapu kilichojaa nyanya, kati yetu, akakishika kwa mikono miwili, na kiondo hakikuwa kimeshikwa na kitu.

"Baba," nikasema, "mama lazima anishike. Bila hivyo siondoki."

Mzee hakumfikishia. Aliingia zizini akarudi na kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, akanizungushia kiunoni, akaifunga, akatengeneza vitanzi viwili nyuma. Mama mkwe akavishika. Hivyo ndivyo nilivyoteremka Mbooni, nikiwa nimeshikwa hatamu kama punda anayepelekwa mtoni, na kwenye mteremko wowote aliouona mkali nilivutwa kiunoni nisimame.

Mabaya zaidi yalikuwa kwenye kona. Pikipiki ikiinama kushoto, yeye aliinama kulia, asije akaniegemea. Nthoni ilikuwa ikitupeleka korongoni. Nilimwambia kwa sauti, nikizungumza na tangi la mafuta kwa kuwa hapakuwa na mtu wa tatu, kwamba abiria huinama na mwendeshaji. Naye akakiambia kiondo kwamba kuna watu wanaongea sana wakiwa njiani. Niliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi tulipofika chini. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nalitazama jua, na kila nilipolitazama lilikuwa limesogea.

Tukaingia barabara kuu pale Emali. Wakati ule matrela ya kwenda na kutoka bandarini yalikuwa yakipita mchana kutwa, na lami ilikuwa imemeguka ukingoni, hivi kwamba kati yake na udongo palikuwa na ngazi ya kina cha kiatu. Nilishika katikati ya upande wangu, wala si pembeni kabisa ambako waoga wasiojipanga hupenda kukaa. Kila trela lilipokuja nililegeza viwiko na kuinama, nikauachia upepo wa kwanza upite na kuungoja wa pili. Nyuma yangu nilisikia wimbo wa kanisa ukiimbwa taratibu, na upepo ulipopiga uliimbwa kwa nguvu.

Kisha nikaona trela mbele yetu, linakuja, na kutoka ubavuni mwake likachomoza basi likilipita. Basi lilikuwa kwenye upande wetu wote. Liliwasha taa kutujulisha kwamba limetuona na kwamba halina mpango wowote.

Nilitazama pale nilipotaka kwenda, ambapo ni udongo wa kushoto kando ya kichaka, nikaachia mafuta, nikauacha mkono wangu mbali na breki ya mbele. Gurudumu la kwanza likashuka ile ngazi, pikipiki ikatikisika, nikajua kwamba likishuka la pili, uzito wa nyuma utaenda unakotaka na sisi tutaufuata. Hapo ndipo mikono miwili ilipozunguka tumbo langu. Ilibana. Kiondo kilikwenda zake. Kifua chake kilikuwa mgongoni kwangu na helmeti ya mke wangu ilikuwa shingoni kwangu, na nilipoinama kushoto, aliinama kushoto. Tulikuwa mzigo mmoja. Basi likapita, upepo wa kwanza ukaja, ukaja wa pili, na pikipiki ikasimama wima kando ya kichaka, injini ikiunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tukakaa hivyo. Nyanya zilikuwa zimetapakaa barabarani na trela la pili lilikuwa likizimaliza. Nilingoja aondoe mikono. Kamba ya mzee niliikagua baadaye na haikuwa imekatika popote. Vitanzi vilikuwa salama vyote viwili. Aliviachia mwenyewe.

"Endesha," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia mimi, moja kwa moja, tangu nilipomwoa binti yake. Nikaendesha. Mikono haikuondoka hadi hospitali. Maji yakishamwagika hayazoleki, na jua lilikuwa limeanza kuteremka.

Mlangoni alishuka mimi nikitazama ukuta, akavua helmeti, akaiweka chini, akaenda haraka bila kujitazama. Nikamfuata kwa mbali, kama ipasavyo. Wauguzi walimtazama, kisha wakanitazama mimi, kisha wakamtazama yeye tena. Sikuelewa hadi alipogeuka kutafuta chumba. Mbele ya gauni lake jeupe, kutoka mabegani hadi kiunoni, palikuwa na mgongo wangu. Vumbi la koti lilikuwa limelowa jasho likachapa kila kitu: mabega, mshono wa katikati, hata mstari wa ile kamba. Hata kipofu angejua kilichotokea.

Nilisimama mlangoni nikiwa nimewapa kisogo. Nilimsikia mke wangu akisema, "Mama," kisha nikasikia kitanda kikilia alipojiinua amtazame.

"Mama, ulimshika?"

"Gari ilikuja."

"Lakini ulimshika."

"Nilikuwa nakuja kwako," mama mkwe akasema.

Mke wangu akacheka. Alicheka kwa uchungu, akilia, akisema basi basi, tumbo. Waliomba kwa muda mfupi sana kwa watu wa kanisa lile. Kisha nikasikia sauti yake, ikiwa imara, akimwambia muuguzi, "Niko tayari. Mwite daktari."

Alitoka salama jioni hiyo, na mtoto wa kike pia. Nililia nje, karibu na pikipiki, na sikumtafuta mtu wa tatu wa kunisemea.

Wazee wa pande zote mbili walikaa baadaye kuamua kuhusu mbuzi wa kusafisha jambo lile. Ikatokea shida, kwa sababu aliyegusa ni mama mkwe, na mila haikuwa na mbuzi anayetoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkwe. Walizungumza hadi uji ukaisha. Mwishowe wakakubaliana mbuzi awe wangu, kwa kuwa pikipiki ilikuwa yangu.

Udongo wa kwetu hautoki kwenye kitambaa cheupe. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake alilifua gauni lile kwa sabuni, kwa ndimu na kwa maji ya moto, na mgongo wangu ukabaki, umefifia lakini upo. Wanawake wenzake walimshauri ajifunge leso juu yake. Kwa muda alifanya hivyo.

Siku ya kumweka mtoto wakfu tulipanda wote hadi kanisa lao la Mbooni. Mama mkwe alimbeba mjukuu hadi mbele, na nilipoinua macho niliona kwamba hakuwa na leso. Alisimama mbele ya kanisa zima, mtoto amelala kifuani pake juu ya ile alama, na maombi yalipokwisha akaja hadi kwenye benchi letu, akampa binti yake mtoto, uso ameuelekeza dirishani. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, nisije nikalazimika kutafuta kitu chini ya benchi.