Macho ya Mama Kwamboka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tuliishi katika chumba kimoja cha mabati mjini Kisii, na jirani yetu wa mlango wa tatu, Mama Kwamboka, alisemekana kuwa na jicho. Hakuna aliyemwita mchawi. Watu walisema tu kwamba macho yake ni mazito kwa ngozi changa: akimtazama mtoto mchanga, vijinyuzi na vumbi humwingia mwilini, naye hukataa kunyonya. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Akikutana na mama aliyebeba mtoto, aligeukia ukuta mpaka wapite.

Mdogo wangu Ombati alizaliwa wakati wa likizo. Siku ya tisa mama alirudi kufua nguo za watu, kwa kuwa asiporudi wangemtafuta mwingine. Angekuja kunyonyesha kila alipomaliza nyumba moja.

"Moraa, usimtoe nje," aliniambia. "Na usimpe mtu."

Nilimbeba asubuhi nzima. Uani wenzangu waliruka kamba, wakinicheka: "Nyanya Moraa! Magoti yanauma?" Nilivumilia, kisha nikabisha mlango wa tatu, kwa maana ndio pekee uliokuwa na mtu mzima.

"Mimi?" Mama Kwamboka alishtuka. "Wewe mtoto, unajua unachosema?"

"Kidogo tu, Mama. Tafadhali."

Alimpokea, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza dirishani. Kila nilipopumzika kuruka nilichungulia. Hakumtazama hata mara moja. Aliimba taratibu, na ungedhani analibembeleza dirisha.

Kesho yake Ombati alikataa titi. Alilishika, akaliacha, akalia mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili nepi zake zilikuwa karibu kavu, na mama alilia pamoja naye. Nyanya akaja kutoka Nyamache na chupa ya samli.

"Nani amemwangalia huyu?"

Niliogopa fimbo. Nikasema, "Mama Kwamboka alipita hapa."

"Akamwangalia?"

"Ndiyo, Nyanya. Sana."

Nyanya alimvua Ombati nguo zote, akampaka samli, akamsugua kwa viganja polepole mpaka vijinyuzi vyekundu vikajitokeza mgongoni na kwenye mikunjo ya shingo. "Mnaona?" Tuliona. Nilirudi nyuma hatua moja, ingawa nilijua blanketi lake jipya lilikuwa jekundu. Kisha akamlaza mtoto uchi kifuani pa mama, akawafunika kwa leso.

"Huendi kumfulia mtu," alimwambia mama. "Kazi yako ni hii hapa."

Alipika uji, akafua nepi, akamfukuza kila mgeni. Jioni Ombati alishika titi, na chumba kizima kikasikia akimeza.

"Msikie ndama!" Nyanya akacheka, huku akijifuta macho.

Sasa nimesoma, tena nina binti wa wiki sita. Najua mama alikuwa amechoka na maziwa yamepungua. Najua ngozi ya mama na mapumziko vinaweza kufanya nini. Hata hivyo siicheki samli. Bila jicho, nani angemruhusu mfua nguo akae siku tatu akimkumbatia mwanawe? Hilo naweza kulieleza, na hulieleza vizuri.

Nisiloweza kulieleza ni asubuhi iliyofuata. Nyanya alikuwa amekwisha kumwonya Mama Kwamboka, kwa upole, asikaribie. Alikuja hata hivyo, akasimama nje ya mlango na kutugeuzia mgongo, mkononi ana fungu la chinsaga, zile mboga chungu ambazo kwetu hupikiwa wanaonyonyesha ili maziwa yatoke.

"Mama Moraa, unisamehe," alisema. "Nilidhani niligeuza uso wakati wote. Kumbe macho yaliniponyoka."

Hakusema ni nani aliyempelekea mtoto. Nilikuwa nimekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na mimi peke yangu duniani nilijua kwamba hayakumponyoka. Sikufungua mdomo.

Jicho sijui kama lipo. Najua kwamba mwanamke mmoja alijizuia kwa nguvu zake zote asimtazame mtoto aliyempenda, akaweza, nami nikamfanya aamini kwamba alishindwa. Mama alikula mboga zile zote, na maziwa yakaja.