Samaki wa Mkwe Mfukoni mwa Koti Langu

Ndugu zangu, mtu mzima wa umri wangu, mwenye alama ya sijda usoni na wajukuu wanaomwita Babu Maalimu, hapaswi kukimbizwa na mbwa kuzunguka meza ya chakula mbele ya wakwe zake, lakini mimi nimekimbizwa, na kwa kuwa binti yangu amekwisha kuisimulia habari hiyo kwa simu mpaka imefika Ikwiriri, heri niisimulie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi nyingine.

Binti yangu Zuhura ameolewa San Sebastian, mji wa pwani wa Wabasko, kaskazini mwa Hispania. Mumewe, Yusufu, ni Mbasko aliyesilimu, kijana mpole ambaye alikuja kuoa hapahapa Kibiti akala wali na kamba mpaka akalegeza mkanda. Mama yake, Bi Maite, hakuja. Ni mjane, si Mwislamu, na magoti yanamsumbua. Tangu harusi alikuwa akileta salamu moja tu: "Mwambieni baba yake Zuhura aje ale kwangu." Kule, kama kwetu, mtu hajawa ndugu yako mpaka akae mezani pako. Mimi nikawa naahirisha, leo shamba, kesho mgongo, hadi Zuhura akanipigia na sauti ikiwa imeshuka.

"Baba, mama huyu ameniuliza kama watu wa kwetu wanamwona najisi."

Maneno hayo yalinichoma. Nikamwambia nitakuja, nitakula, na nitashiba.

"Basi chagua majira," akasema, sasa akiwa na furaha, "maana mji huu watu wanasafiri kuja kula tu, na kila majira na chakula chake. Kukiwa na joto kuna jodari, ila wageni wanajaa hata pa kukanyaga huoni. Baridi kuna samaki wakubwa wa kuchoma, lakini wewe utaganda. Machipuo kuna dagaa wao wanene, na mwezi wa kumi kuna uyoga na pilipili za kukaanga, hali ya hewa nzuri. Mimi nasema mwezi wa kumi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sawa mwanangu. Nikasema, "Nitakuja Mfungo Mosi."

"Baba, huku nani anajua Mfungo Mosi?"

Nikamweleza (kwa kirefu, maana nilijiona nimepata hoja) kwamba Mfungo Mosi unafuata Ramadhani, na tumbo lililotoka kwenye Ramadhani ni kama shamba lililolimwa, jepesi, linasubiri mbegu, kwa hiyo hakuna mwezi wa kula kama huo, tena mwaka huu unaangukia wakati wa hao dagaa wake. Zuhura akacheka, akakata tiketi.

Mke wangu, Mwajuma, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Na sita zako?"

Msiojua, sita ni siku sita za sunna tunazofunga katika Mfungo Mosi. Si faradhi. Ila mimi tangu ujana sijaziacha hata mwaka mmoja, na msikitini watu wanajua hivyo, na (Mungu anisamehe) mimi najua kwamba wanajua.

"Nitazimaliza kabla ya safari," nikasema.

"Haya, mume wangu," akasema Mwajuma, kwa ile "haya" yake.

Idd ikaja, na wageni nao. Leo wametoka Mohoro, kesho wametoka Mkongo, keshokutwa shemeji na watoto wake wote, na huwezi kumwachia mgeni wa Idd sinia peke yake, basi kila siku nikawa nasema nitaanza kesho. Nikapanda ndege sijafunga hata moja, na nikirudi mwezi ungekuwa umebaki siku za kubana mno. Nikiwa huko juu mawinguni nikapitisha uamuzi wangu wa kijinga: nitafunga kulekule, kimyakimya, Zuhura asijue, kwa sababu aliyesema anakuja kula ataanzaje kusema amefunga?

Asubuhi ya kwanza nikamwambia Zuhura chakula cha ndege bado kimenikaa. Yusufu akanichukua kutembea mitaa ya zamani, ambako kila mlango ni mkahawa na juu ya kaunta wamepanga vitafunwa vidogo, kipande cha mkate na kitu juu yake, vimechomwa kijiti. Alikuwa ameshauliza kila mahali ni kipi halali kwa ajili yangu. "Onja hiki, Baba. Na hiki." Mkwe wangu anatazama usoni kwa furaha kama mtu anayefungua zawadi, nami nikifika mbele yake nashindwa kukataa, basi akigeuka kulipa, kitafunwa kinaingia mfukoni. Nilikuwa na koti kubwa la baridi, la kuazima, mifuko kama magunia. Jodari akaingia. Yai likaingia. Jibini nayo ikaingia. "Tamu?" akauliza. "Tamu sana," nikasema, na hiyo ni funga gani, jamani, iliyojaa uongo kuanzia asubuhi?

Mchana tukaenda kwa Bi Maite. Alikuwa mlangoni, mfupi, nywele nyeupe, anaegemea fimbo, amevaa aproni safi. Aliweka mkono kifuani kunisalimu, kumbe Zuhura amemfundisha. Sebuleni wamekaa majirani, walioalikwa kuja kumwona baba wa Zuhura akila. Na Zuhura akaninong'oneza, "Baba, amenunua sufuria mpya na kikaango kipya, ili usile kwenye chombo kilichowahi kugusa nguruwe. Amekuwa jikoni tangu alfajiri."

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikaomba nibaki na koti, nasikia baridi.

Ikaja sahani ya dagaa wale, wanene, wamekaangwa na vitunguu saumu, wananukia kiasi kwamba mimi, mtu wa delta niliyelelewa kwa samaki, mate yalinijaa. Majirani wakanitazama. Nikachukua mmoja, nikainamisha kichwa kama ninayeomba dua, akaenda mfukoni. Wa pili akaenda. Mafuta yakaanza kupenya kitambaa yakinishuka pajani. Bi Maite akaona sahani yangu inapungua, uso ukamchanua, akainuka na fimbo yake kwenda kuleta nyingine, na alipofungua mlango wa jikoni akatoka mbwa wao mzee, waliyekuwa wamemfungia kwa heshima yangu.

Hakubweka. Alikuja moja kwa moja mfukoni mwangu.

Sasa mnajua madhehebu yetu na mate ya mbwa, kuosha mara saba na mara moja kwa udongo, na huo udongo kwenye ghorofa ya tatu nitautoa wapi? Nikaruka. Nikazunguka meza, mbwa nyuma, Yusufu nyuma ya mbwa, jirani mmoja anacheka, mwingine amebeba birika juu lisimwagike, nami nasoma kila ninachokijua. Mbwa akauma pindo la koti. Mfuko ukachanika. Vikamwagika vyote sakafuni, jodari, yai, mkate, vijiti, na dagaa wa Bi Maite.

Kicheko kikakatika. Bi Maite amesimama na sahani ya pili mkononi, anatazama sakafu. Hakuwa na hasira. Aliitua sahani taratibu akaanza kufungua aproni yake.

"Baba," akasema Zuhura, na machozi yanamtoka, "chakula chake unakitia mfukoni? Afadhali ungemtukana."

"Nimefunga," nikasema. "Sita. Niliona haya kusema. Mwambie, Zuhura, mwambie si chombo chake wala mkono wake."

Zuhura akatafsiri. Bi Maite akauliza kitu, polepole.

"Anauliza, hii funga Mungu amekulazimisha?"

Nimefundisha madrasa nusu ya umri wangu. Nimewaambia watoto wa watu, tena kwa kusisitiza, kwamba mwenye funga ya sunna akiwa mgeni anaruhusiwa kufungua ili kumfurahisha mwenyeji wake. 

"Hapana," nikasema. "Nimejilazimisha mwenyewe."

Nikaenda kunawa mikono. Nikaketi, nikaivuta ile sahani ya pili, nikasema Bismillahi nikala, wa kwanza, wa pili, mpaka nikapangusa mafuta kwa mkate. Bi Maite alikuwa bado amesimama, kamba za aproni zinaning'inia, ananitazama koo kama muuguzi anayehakikisha dawa imemezwa. Nilipomaliza nikamsogezea sahani tupu.

"Mwambie aniongeze."

Hakungoja tafsiri. Alifunga aproni yake tena, kwa nguvu, akasema neno lililowafanya majirani wote wapige meza kwa kicheko.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema uvue koti kwanza, Baba."

Nikalivua. Tukala mpaka sala ya alasiri nusura inipite, Yusufu akanikumbusha.

Mwaka ule sita zangu hazikutimia, na Ijumaa ya kwanza niliyorudi nikalitamka jambo hilo msikitini bila kuulizwa, nikaona kumbe dunia haianguki. Nimshukuru Mola aliyenipa Bi Maite, mkwe wa kunisomesha uzeeni. Tangu siku hiyo nimejiapiza: mtu akiniwashia jiko, nikiwa nimefunga nitamwambia mlangoni, na nikiingia nitakula.