Jumapili Niliyofunua Sufuria Mapema

Nakumbuka siku moja, Jumapili ya mvua nyembamba ya Novemba, nilipofunua sufuria ya pilau kabla ya wakati wake. Miaka imepita mingi, lakini hadi leo nikisikia mvuke ukitikisa kifuniko naona aibu kidogo. Kaa, mwanangu, nikusimulie. Kunywa chai yako taratibu, hapa hakuna anayekufukuza.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimekuja London kukaa na shangazi yangu, mtaa wa Lewisham, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mbele za watu sauti ilinikwama kooni. Kanisa letu la Kiswahili lilikodi ukumbi nyuma ya soko. Wakati wa baridi madirisha yake marefu yalijaa ukungu, hata watu waliopita nje walionekana kama wanaogelea. Nilipenda kuyatazama wakati wa nyimbo. Mara nyingine nilisahau niko nchi gani.

Mzee wetu wa kanisa alikuwa Mzee Amosi, dereva wa basi aliyestaafu. Alipenda kutueleza habari za Wakristo wa kwanza, na alizieleza kana kwamba aliwahi kuwabeba kwenye basi lake. Alisema walikutana majumbani, wakala pamoja, wakaumega mkate. Alisema pia kwamba kule Korintho walikosea. Wenye nafasi walifika mapema wakala wakashiba, na watumwa na vibarua walipotoka kazini wakakuta makombo. Hilo lilimuuma Mzee Amosi kama jambo la juzi.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Ibada ikiisha tuliandaa meza, tukawasubiri watu wa Edmonton, ndipo tukala, na mwisho wa chakula tukaumega mkate na kushiriki kikombe. Watu wa Edmonton, mtaa wa upande wa pili wa London, walikuwa Wakongo saba waliofanya kazi kwenye ghala la vifurushi, hata Jumapili asubuhi. Walitoka kazini saa sita mchana, wakavuka jiji zima, wakatufikia saa nane hivi. Mkubwa wao alikuwa Mama Furaha, mjane, mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa.

Upawa wa kupakulia Mzee Amosi alinipa mimi. Nilifurahi, kwa sababu niliona ni kazi isiyo na maneno.

Jumapili ile Mzee Amosi alikwenda hospitali kumwona mgonjwa wetu. Saa nane ikapita. Pilau ikanukia ukumbi mzima, watoto wakaanza kulia. Mjomba Kalebu, mtu wa mizaha, akaja mbele na sahani yake.

"Binti, hiyo pilau inangoja watu wa Edmonton au inangoja parapanda ilie?"

Watu wakacheka.

"Watakuja tu," akadakia mama mmoja, "wakishakiokota Kiswahili chao walikokiangusha."

Wakacheka tena. Na mimi nilicheka, mwanangu, nisikufiche. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "Subirini," na lilikuwa tayari mdomoni. Halikutoka. Nikafunua sufuria.

Watu wakala. Na kwa kuwa muda wetu wa ukumbi ulikuwa unakwisha, mzee msaidizi akaumega na mkate. Nilikuwa nakwangua ukoko mlango ulipofunguliwa, wakaingia wote saba, wamelowa, na Mzee Amosi nyuma yao. Walikutana kituo cha basi. Treni yao ilikuwa imesimama njiani. Mama Furaha akatazama meza, akatazama kikombe kitupu. Kisha akavua koti, akachukua kitambaa, akaja kunisaidia kukausha sahani.

"Usijali, tulikula njiani," aliniambia.

Tulisimama karibu karibu pale kwenye sinki, na nilisikia tumbo lake likinguruma.

Walipoondoka, Mzee Amosi aliniita pembeni. Hakupandisha sauti.

"Sikukupa upawa kwa sababu unajua kupakua," alisema. "Nilikupa kwa kuwa umezoea kukaa nyuma. Nilidhani wewe hutamsahau aliye nyuma."

"Niliona aibu, babu."

"Najua. Lakini aibu yako leo imewashindisha wenzako na njaa."

Jumapili iliyofuata hawakuja. Wala iliyofuata. Tukasikia wanasali sebuleni kwa Mama Furaha, na kwamba wanataka kuanzisha kanisa lao. Shangazi akasema waachwe, kila ndege na mti wake. Mzee Amosi hakukubali. Akaniambia, "Nenda wewe ukawaambie ukweli. Mimi nikienda watanipa chai na heshima, basi. Aliyefunua ni wewe."

Nilitoka nyumbani mapema Jumapili ya tatu, nikitegemea kufika saa nane mchana. Lakini reli ilikuwa kwenye matengenezo, kama kawaida ya Jumapili hapa, nikawa nashuka basi hili napanda lile. Simu ikazima. Basi la mwisho nilikaa ghorofa ya juu, mbele kabisa. Kioo kilikuwa na ukungu, na taa za maduka zilipita ndani yake kama mishumaa iliyobebwa na watu nisiowaona. Nikasinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Katikati ya usingizi niliwaona wale wa Korintho wakitembea kando ya basi na nguo zao za kazi, wamelowa, hawana haraka, wakiinua macho kunitazama. Sikujua kama wananikaribisha au wananidai neno.

Nilifika saa kumi na moja, giza limeshaingia. Njiani nilikuwa nimejiambia nitakuta wamekula na kumaliza, na kwamba nitakuwa nimestahili. Mlango ulifunguliwa na Heri, mpwa wake Mama Furaha.

"Huyu hapa!" akapaza sauti ndani. "Jamani, tumepona!"

Sebule ilijaa watu, wengine vitini, wengine chini, watoto wamelala mapajani. Mezani sufuria za fufu, ugali wao wa muhogo, na za sombe, yaani kisamvu, zilikuwa zimefunikwa. Kando yake palikuwa na mkate mzima chini ya kitambaa cheupe.

"Hamjala?" niliuliza.

"Hatuyakula," alisema Mama Furaha, kwa Kiswahili chao. "Mzee alipiga simu asubuhi, akasema uko njiani. Basi, tulikungoja."

"Mimi nilisema tuanze saa tisa," akasema Heri. "Akaninyang'anya kijiko mbele ya watoto. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu!"

Wakacheka. Mimi sikuweza. Nilisimama pale, koti linachuruzika maji kwenye zulia la watu, na sauti ikatoka yenyewe.

"Ni mimi niliyefunua sufuria. Niliambiwa nisubiri, nikaogopa kuchekwa, nikafunua. Na ninyi mlipochekwa, na mimi nilicheka. Nisameheni."

Mama Furaha akainuka, akanisogelea.

"Sisi tulijua mmekaa kikao mkatutoa," alisema.

"Hapana, mama. Hapakuwa na kikao. Nilikuwa mimi tu na woga wangu."

Akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Akanivua koti kwa mikono yake. Tukala chakula kilichopoa, kisha akaufunua mkate, akaumega, na kipande cha kwanza akanipa mimi.

Sikudanganyi kwamba wote walirudi. Watano walirudi Jumapili iliyofuata. Heri na mwenzake walikaa miezi mingi wakisali kwingine. Ila hatukufunua tena sufuria kabla ya wakati. Siku moja msimamizi wa ukumbi, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, alitukuta tumekaa mbele ya chakula bila kula. Akauliza tunangoja nini. Tukamwambia ndugu zetu wako kwenye basi. Alisimama kidogo, akaenda zake, akarudi na kutuongezea saa moja ya ukumbi. Hakuna aliyekuwa amemhubiria.

Sasa, mwanangu, nimesikia ninyi vijana mnataka ibada yenu ya Kiingereza, saa yenu, chumba chenu. Sikatai. Hata wale wa kwanza hawakuwa na lugha moja. Imbeni kwa lugha mnayoota nayo ndoto. Lakini meza iwe moja, na kabla hamjakula ulizeni nani hajafika. Na wewe unayeona aibu, nakufahamu, usingoje siku utakapokuwa na ujasiri. Neno lililo sawa liseme likiwa linatetemeka hivyo hivyo. Ukinyamaza, aliyeumia atajijazia mwenyewe sababu, na atajijazia mbaya kuliko ukweli.

Mungu akufungulie kinywa chako. Akupe ndugu wa kuwangoja, na siku utakapochelewa wewe, umelowa na umechoka, ukute taa inawaka na kiti chako hakijakaliwa. Amina.