Zita Alipokataa Kujibu

Evaline wa kijiji cha Daudi hakuogopa jembe wala baridi ya milimani. Alichoogopa ni kichwa cha binti yake. Zita alizaliwa na mifupa ya fuvu iliyoungana kabla ya wakati wake, kichwa kikawa kinarefuka kwenda nyuma. Kabla hajatimiza mwaka, madaktari wa mjini walimpasua ili ubongo upate nafasi ya kukua. Kidonda kilipona, nywele zikafunika kovu. Lakini maneno ya daktari hayakumtoka Evaline: "Kichwa tumekitengeneza. Akili tutaiangalia kadiri anavyokua."

Basi akaanza kuiangalia mwenyewe. Akimenya viazi, "Zita, hiki nini?" Akikamua, "Ng'ombe wangapi hawa?" Mtoto akikosea, mama anauliza tena. Zita akafika miaka minne na maneno ya kuokoteza, na hayo machache aliyameza kila mama yake alipomkazia macho.

"Mlimfungua kichwa, akili ikatoka," mama mkwe akasema siku moja mbele ya watu. Agustino, mume wa Evaline, aliinamisha uso. Usingizi ukamhama Evaline.

Siku ya kliniki walipokelewa na Ernestina, mtaalamu wa makuzi ya watoto aliyehamishiwa Mbulu kutoka Bukoba.

"Mwamkie shangazi," Evaline akahimiza. Kimya. "Zita! Sema shikamoo!" Mtoto akajificha nyuma ya kitenge. Ernestina akamwonyesha picha ya kuku, ya kikombe. Kimya. Evaline akadakia. "Nyumbani anajua, dada! Naapa anajua!"

"Mama Zita, hebu kakae nje kidogo."

Alitoka, akasimama kando ya dirisha. Ndani hakusikia maswali. Alisikia vibao vya mbao vikipangwa, vikianguka, Ernestina akicheka. Kisha sauti ndogo ikasema: "Hapana. Kikubwa chini."

Evaline akaziba mdomo kwa kiganja.

Alipoitwa ndani, Ernestina hakumficha kitu. "Kusema kwake kuko nyuma ya umri, na kuhesabu pia. Huenda shuleni akahitaji msaada. Lakini anaelewa, na anafikiri. Utamleta kila mwezi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Acha kumpa mitihani. Akiona macho yako, anaona kosa lake. Ongea naye tu."

Neno lile lilimuuma kuliko la mama mkwe, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Njiani kurudi, ulimi ulimwasha. Mbuzi, mlima, trekta, vyote vilitaka kuulizwa. Akajizuia, akamsimulia Zita jinsi alivyowahi kufukuzwa na dume la ng'ombe la babu yake hadi akapanda juu ya ghala. Zita alimsikiliza, kidole mdomoni. Walipofika kwenye kona ya kanisa, akamvuta mama yake mkono.

"Dume akaenda wapi?"

Evaline alitaka kumkumbatia, kulia, kumwita kila mpita njia. Hakufanya hata moja.

"Akaingia kwenye mahindi," akasema, na wakaendelea kutembea.