Nimeambiwa Nisimame Kanisani Niseme Pumzi Yangu ni ya Shetani

Admin, naomba unifiche, hapa kwetu tunajuana; hata majina nimebadilisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeolewa, nanunua ndizi kwa wakulima pande za Kanyakine na kupeleka Nairobi. Nilianza nikibeba mkungu mmoja mgongoni mpaka sokoni, leo najaza lori mara mbili kwa wiki na hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivyo mjue mimi si mtu wa kuota ota.

Mwaka juzi ndugu yangu mdogo ndiye alikuwa dereva wangu. Breki zilikataa kwa mteremko, akafa papo hapo, na mimi nikapigiwa simu nikiwa shambani kwa mtu napima ndizi. Tangu siku hiyo simu ikilia kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naona kama nakata roho. Hospitalini walipima moyo, wakapima presha, wakaniambia, "Mama, moyo ni mzima. Huu ni wasiwasi." Kanisani waliniwekea mikono, nikapiga kelele pamoja nao mpaka sauti ikakauka, nikarudi nyumbani na kifua kile kile.

Aliyenisaidia ni sista mmoja mzee, nesi wa Kikatoliki huko Embu. Nilikuwa nimepeleka mama mkwe kliniki ya macho, simu ya mtu ikalia kwa foleni, nikaanza kutetemeka. Akakaa kando yangu. "Mama, usipigane nayo. Vuta polepole ukihesabu mpaka nne, sema moyoni, 'Bwana Yesu.' Toa mpaka sita, 'Nihurumie.' Usimpigie kelele, yeye si kiziwi." Nilicheka huku nalia.

Kutoka siku hiyo, kila asubuhi kabla lori halijafika, nakaa kwa kigoda ndani ya stoo, mikono wazi, navuta na kumtaja Yesu hivyo hivyo. Zamani nilikuwa naanguka karibu kila wiki. Kwa miezi minane nikaanguka mara moja tu. Mimi ni mtu wa hesabu, na hiyo hesabu naielewa.

Sasa sikieni. Kanisani kwetu akina mama huomba wote pamoja kwa sauti, kila mmoja na lake, na ukinyamaza inajulikana kuna kitu umeficha. Mwezi uliopita ushirika wao ulikuwa nyumbani kwangu, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Katikati ya maombi simu ya mama mmoja ikalia, kifua kikaanza. Nikafumba macho, nikaweka mikono wazi mapajani, nikavuta. Mwenzangu akanichukua video. Jioni ilikuwa kwa grupu yetu, chini ameandika, "Mwenyekiti wetu siku hizi ni wa yoga."

Mchungaji akaniita pamoja na mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa.

"Mama Makena, huku kupumua pumua umetoa wapi?"

Nikamwambia namtaja Yesu.

"Yesu gani wa kutajwa kimya? Ukinyamaza unaacha mlango wazi, anaingia yeyote."

"Mchungaji, hata nikilala nanyamaza. Sasa niwe nalala nikipiga kelele?"

Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Shida ni kwamba Makena, kifungua mimba wangu, anaolewa mwezi ujao kanisani hapo hapo. Ruracio, yaani mahari, tumemaliza, kadi zimetoka. Mchungaji amesema hafungishi ndoa hiyo mpaka nishike maiki Jumapili hii, niseme mbele ya watu wote kwamba nilikuwa nafanya mambo ya shetani na nimeacha. Mume wangu anasema, "Ni dakika mbili tu. Sema tumalize." Makena alinifuata stoo analia. "Mum, Mungu anajua roho yako. Si useme tu? Hiyo video imefika kwa wakwe. Mama yao ameuliza kama ni kitu ya ukoo."

Nikajaribu kuacha kwanza, ili nikisema nimeacha nisiwe muongo. Sikumaliza wiki. Dereva wangu wa sasa alipiga simu kuniambia amefika salama. Amefika salama! Waliniokota nyuma ya mizani nimejikojolea, vijana wa kupakia wamesimama wananiangalia.

Paa la hilo kanisa, nusu ni pesa ya ndizi zangu. Wakati huo hakuna aliyeuliza mwenye ndizi anapumua vipi.

Msiniambie nihame. Ni watu hao hao walimzika ndugu yangu, na mume wangu hahami. Nikikataa, harusi ya mtoto wangu imeharibika na ni mimi nimeiharibu. Nikikubali, nitakuwa nimesimama mbele ya watu nikaita jina la Yesu shetani, na sijui Jumatatu asubuhi nitalitaja na mdomo gani.

Leo ni Ijumaa. Maiki napewa baada ya matangazo. Nyinyi mnaosoma, nikiishika niseme nini? Na wale mtaniambia nikubali, niambieni pia: siku ya harusi simu ikilia, mimi nitashika wapi?